Faneli ya Sentimita Kumi na Nane

Fundi Nasiri wa Nyamirambo ana ugomvi na kila mtu asiyeuliza kwa nini. Mpelekee suruali akupunguzie kiuno, utatoka pale umefundishwa kwa nini sindano ya cherehani ina tundu kwenye ncha na ile ya mkono ina tundu kwenye kitako. Ukithubutu kusema, "Haya mzee, mimi nataka suruali tu," atakutazama juu ya miwani kana kwamba umemtukania baba yake. Mafundi wenzake wa kwenye vibaraza wanamwita Profesa. Anajua fika kuwa jina hilo lina kejeli ndani yake, lakini analiitikia, maana hakuna mwingine atakayempa.

Ana miaka sitini na miwili. Babu yake alipanda huku kutoka pwani na marobota ya kaniki, Kigali ikiwa bado vibanda, akaoa, akazaa, akasahau kurudi. Nasiri mwenyewe shule aliishia darasa la sita, na jambo hilo linamuuma mpaka leo. Linamuuma zaidi anapomwona mtu mwenye shahada akikimbia kufunika kioo cha ukutani kwa sababu radi inapiga. "Huyu wamemfundisha nini miaka yote hiyo?" hufoka, tena kwa sauti, ili mwenye shahada asikie.

Nyuma ya cherehani yake kuna rafu ya ubao yenye vitu ambavyo mkewe alikuwa akiviita takataka za heshima. Kuna jiwe la volkano alilolitoa Musanze, jepesi mno, ukilitia kwenye beseni linaelea, na wateja wageni lazima walione likielea kabla hawajapimwa. Kuna chupa ya maji aliyoyachota kwenye chemchemi ya msitu wa Nyungwe, pale wanaposema Mto Nile unaanzia. Maji yamegeuka kijani lakini haruhusu mtu kuyamwaga. Na kuna kipande cha chuma cheusi ambacho kwa miaka miwili aliwaambia watu kimeanguka kutoka angani, hadi siku fundi mmoja wa malori alipokigeuza mara moja na kusema ni kipande cha breki. Nasiri hakukitupa. Alikibandika karatasi: "Nilikosea, 2009." Anajivunia karatasi ile kuliko jiwe linaloelea. "Mtu wa sayansi," husema, "kosa lake analiandika mwenyewe kwa mkono wake."

Na yaandikwe makosa mengine basi, tuone.

Kila mwaka baada ya Idi alikuwa akifunga duka siku nne na kupanda basi. Alikwenda Bugarama, kwenye maji ya moto, na yai bichi mfukoni, kwa sababu watu waliapa kwamba maji yale yanapika yai. Akalitia, akakaa saa mbili anatokwa jasho, akalipasua, ute ukamwagikia suruali. Akaandika kwenye daftari: "Hayapiki. Waongo." Alikwenda Ziwa Kivu kwa sababu alisikia chini yake kuna gesi, na mara hiyo mkewe, Gahongayire, alimfuata. Walikaa ufukweni, ziwa limetulia, jua zuri, samaki wa kukaanga mbele yao, na Nasiri anahesabu mapovu. Gahongayire akamwangalia weee, kisha akamuuliza, "Nasiri, umekuja kuliona ziwa au kulikagua?"

Nasiri alinyoosha kidole majini. Alikuwa amefika povu la arobaini.

Na maoni? Usiombe. Mteja mmoja mwanamke alikataa kitambaa chekundu msimu wa mvua, kwamba chekundu kinaita radi. Nasiri alimshonea gauni la bluu, lakini ndani, pasipoonekana, akamtilia bitana nyekundu, akamkabidhi, na msimu ulipokwisha akamfunulia bitana na kumwambia, "Umelivaa kwenye mvua kumi na moja, mbona uko hai?" Yule mama alilia. Hakurudi tena, naye akampeleka dada yake na mashoga zake kwa fundi mwingine. Nasiri alihesabu hayo kuwa ushindi. Ndivyo alivyo: akiwa na haki hana huruma, na alikuwa na haki mara nyingi, ndiyo maana alizoea vibaya.

Lakini hayo yote yalikuwa pembeni. Jambo lenyewe lilikuwa mvua.

Wakati ule walikuwa wakiishi Gisozi, mlimani, juu kidogo ya karakana za maseremala na wachomeleaji, katika nyumba aliyoachiwa Gahongayire na mama yake. Nyumba ya vyumba vitatu, parachichi mbele, bati linaloteremsha maji kwenye pipa la bluu lililobonyea ubavuni. Januari ya mwaka 2003 Nasiri alisoma katika kitabu cha shule kilichochanika namna ya kupima mvua. Akatafuta faneli ya bati, ile ya kumiminia mafuta ya taa, mdomo wake sentimita kumi na sita, akaisimika juu ya chupa, akapiga hesabu siku tatu, akaichora chupa mistari kwa wino wa kuchorea kitambaa. Kila asubuhi saa tatu alisoma mstari, akaandika, akamwaga. Hakukosa. Siku alizosafiri alipima Gahongayire, na Nasiri akirudi alikagua mwandiko wake kama mwalimu.

Mwaka 2014 faneli ilikwisha kwa kutu, akaitupa. Akateremka karakana kwa Salvator, fundi bati, mtu mpole mwenye vidole vilivyochanika, akamwambia amtengenezee nyingine.

"Leta ile ya zamani nipime, mzee," Salvator alisema. "Itakuwa rahisi."

Nasiri akachukia. Yeye, aliyekata suti tangu Salvator akinyonya, aambiwe alete sampuli? "Mimi ni fundi kama wewe," akasema. "Vipimo viko kichwani." Akamtajia.

Faneli mpya ilikuja inang'aa, nzuri ajabu. Akaiweka juu ya chupa, ikakaa. Na kuanzia masika ya mwaka huo, mvua ya Kigali ikaanza kuongezeka.

Iliongezeka kwenye daftari. Palipokuwa pakisomeka milimita ishirini pakasomeka ishirini na tano. Mwaka wa kwanza alishangaa. Mwaka wa pili akachora mchoro kwenye karatasi za kaki za kukatia mitindo, akazibandika sebuleni kutoka mlangoni hadi dirishani, mstari unakwenda, unakwenda, halafu unaruka juu. Mwaka wa tatu akaanza kuutazama mlima ulio nyuma ya nyumba na kukosa usingizi. Milima huporomoka, hilo hakulizua yeye; kila msimu mahali fulani nchini ukuta wa udongo unamlalia mtu. Mlima wao haukuwa na ufa wala alama yoyote, lakini Nasiri alikuwa na karatasi.

"Maji yameongezeka kwa robo nzima," akamwambia mkewe. "Udongo huu hautastahimili. Tuuze tuhame."

Gahongayire alikuwa anachambua maharage. "Yameongezeka wapi?"

"Kwenye vipimo."

"Pipa langu linajaa kwa mvua tatu kubwa," akasema. "Lilikuwa linajaa kwa mvua tatu kubwa enzi za mama. Mwaka huu pia ni tatu. Kama maji yameongezeka, mbona pipa halijui?"

Nasiri alicheka. Alicheka mpaka akavua miwani. "Pipa si kifaa, mama Yasmina!" Kesho yake akawasimulia mafundi vibarazani, nao wakacheka, na kwa wiki nzima yeyote aliyetaka kumchokoza alimuuliza pipa limesemaje leo. Tena akaliandika kwenye daftari, pembeni mwa kipimo cha siku hiyo, ili vizazi vijavyo vijue alivyohangaika.

Walibishana mwaka mzima na zaidi. Gahongayire hakuwa mtu wa kelele. Alirudia tu jambo lile lile la pipa, na kila alipolirudia Nasiri alipandisha sauti na kuleta tarakimu. Mwishoni Gahongayire alichoka, akakubali. Julai ya mwaka 2018 nyumba iliuzwa, na kichekesho ni kwamba aliyeinunua alikuwa Salvator yuleyule fundi bati, aliyechoka kupanga na aliyesema yeye mlima haumtishi. Nasiri alimwonea huruma. Siku ya kuhama alimpa mkono kama anayemuaga maiti.

Wakapanga vyumba viwili Nyamirambo, kwenye ua wenye familia tano na bomba moja. Gahongayire hakulalamika, na hiyo ndiyo iliyomkera binti yao. Yasmina, ambaye anashona katika kiwanda kimoja cha nguo kule Masoro na ambaye ulimi ameurithi kwa baba, alimwambia Nasiri waziwazi: "Umemng'oa mama kwa sababu ya chupa." Kisukari kilimzidi Gahongayire katika vyumba vile vile, mwaka 2021. Siku zake za mwisho alikuwa akiuliza kama parachichi la Gisozi limezaa. Nasiri alikuwa akimjibu kwamba ni heri yuko hai wa kuuliza.

Ndiyo. Alimjibu hivyo mgonjwa.

Tangu hapo baba na binti wanaongea kama watu wa ofisi mbili. Yasmina huja Jumapili, huleta sabuni na mchele, hufua, huondoka. Mara moja tu, mwanzoni mwa mwaka huu, alivunja ukimya. Alisikia redioni kwamba kuna mradi unaokusanya vipimo vya zamani vya mvua kutoka kwa wananchi, na wenye vipimo safi majina yao yatachapishwa kwenye kitabu. Yeye mwenyewe akapiga simu, akatoa jina la baba yake.

"Nimekuandikisha," akasema, hakukaa. "Wataalamu wayaangalie hayo madaftari. Wakisema maji yaliongezeka kweli, Wallahi sitaitaja tena ile nyumba mpaka nife. Nitakuomba na msamaha."

"Na wakisema hayakuongezeka?"

Yasmina alichukua begi lake. "Hapo utaniambia wewe, baba."

Nasiri hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na furaha, hata aliona haya kwa furaha yake. Alinunua majalada mapya ishirini na mawili ya kufunikia madaftari yake, akayapanga kwa miaka. Jina lake kitabuni! Nasiri, fundi, darasa la sita. Na msamaha wa mtoto juu yake. Alishona wiki ile akiimba, na wenzake wakaulizana mzee ameoa nini.

Mtaalamu aliyekuja alikuwa binti mwembamba, jina lake Kellen, Mnyarwanda aliyekulia Mbarara, Kiswahili chake cha kuungaunga lakini adabu tele. Alipiga picha kila ukurasa, siku mbili, ameketi kwenye kigoda cha wateja. Aliliona jiwe likielea. Aliuliza maswali, tena mazuri, na Nasiri alimpenda kwa hilo kuliko alivyompenda mtu yeyote kwa miaka minne. Baada ya wiki tatu alirudi, Jumapili, na kompyuta yake. Yasmina alikuwepo, anaanika nguo uani, mlango wazi.

"Mzee, kwanza asante," Kellen akasema. "Hii kazi ni nzuri sana. Sijaona mtu wa nyumbani amepima hivi. Lakini iko kitu moja nataka tuangalie pamoja."

Akageuza kompyuta. Mistari miwili, mmoja wa Nasiri na mmoja wa vipimo vya kule Kanombe, uwanja wa ndege. Kuanzia 2003 mistari ilikwenda pamoja kama ng'ombe wawili wa jembe moja, huyu akipanda huyu anapanda. Halafu Machi 2014 wa Nasiri ukaruka, na wa Kanombe ukabaki palepale.

"Kule Gisozi mvua iliongezeka," Nasiri akaeleza, anatabasamu. "Kanombe ni mbali. Mvua haianguki sawasawa, binti."

"Ni kweli, mzee. Hata mimi nilifikiri hivyo. Lakini wewe ulihama Gisozi mwaka 2018, ukaja huku. Na huku nako ni robo juu ya vituo vyote, robo ile ile. Masika, vuli, kila mwezi." Akashusha sauti, kwa heshima. "Mvua haiwezi kukufuata ukihama. Ni kifaa. Machi 2014, ulibadilisha nini?"

Nje, Yasmina aliacha kukung'uta shuka.

Nasiri aliinuka, akatoka uani. Faneli ilikuwa juu ya nguzo yake nyuma ya choo cha ua, imefifia sasa. Aliing'oa. Alipoingia nayo ndani futi yake ilikuwa shingoni, imekaa pale miaka arobaini. Akaipitisha kwenye mdomo wa bati, kutoka ukingo hadi ukingo, akasoma. Akageuza, akapima upande mwingine, akasoma tena.

Kumi na nane.

Sasa, asiyewahi kushona hawezi kuelewa kilichompata, kwa hiyo nieleze. Fundi nguo hakati kitambaa sawasawa na mwili. Kiuno cha themanini hukatwa themanini na nne, ili pabaki pa kukunja. Hiyo inaitwa akiba, na aliyekaa miaka mingi kwenye cherehani haifikirii tena. Ulimi wenyewe unaiongeza. Siku ile karakana, alipoulizwa mdomo wa faneli, Nasiri alitaja kumi na nane: kumi na sita ya mdomo, na moja kila upande ya kukunjia ukingo. Lakini fundi bati haombi akiba kwa mteja. Akiambiwa kumi na nane anakupa kumi na nane iliyokamilika, na ya kukunjia anaiongeza mwenyewe. Salvator alitengeneza alichoambiwa. Na Nasiri, aliyekagua mwandiko wa mkewe kwa miaka kumi na moja, hakuipima faneli ilipofika, kwa sababu kipimo alikitaja yeye.

Sentimita mbili tu, lakini mdomo ni duara, na zinaongeza robo nzima ya eneo la kukingia. Weka mvua nne, inakusomea tano.

"Akiba," akasema.

"Nini, mzee?"

Akamweleza, polepole, na alipokuwa anaeleza Kellen alianza kung'aa uso. Akapiga hesabu palepale, vidole mbio, na mstari uliokuwa juu ukateremka, ukalala juu ya ule wa Kanombe kana kwamba haukuwahi kuondoka. Binti akapiga makofi. "Mzee! Imepona! Ni kugawanya tu. Miaka ishirini na miwili yote inatumika. Jina lako linaingia kitabuni, nakuhakikishia!"

Haya. Alichokitaka kwa maisha yake yote kilikuwa pale mezani, amepewa kwa makofi.

"Nilitaka kuuliza pia," Kellen akaendelea, kwa furaha yake, akifunua picha za kurasa. "Kuna hapa umeandika kitu pembeni, Novemba 2016, sikujua kama ni kipimo." Akasoma, anajikwaa kwenye mwandiko: "'G. anasema pipa lake linajaa kwa mvua tatu kama zamani, maji hayajaongezeka. Nimecheka sana.'" Akainua macho. "Huyu G. ni nani? Kwa sababu huyu alikuwa sawa. Alikuwa na kipimo kingine?"

 Yasmina alikuwa amesimama mlangoni, shuka lililolowa mikononi, maji yanamdondokea miguuni. Nasiri alingoja amtukane. Alitamani amtukane. Yasmina alimtazama tu baba yake, kisha akatoka, akaenda kumalizia kuanika.

Kellen aliacha fomu ya kujaza, akaaga bila kuelewa amekanyaga wapi.

Jumatatu Nasiri hakufungua duka. Alipanda basi mpaka Gisozi, na kutoka kituoni akapanda mlima kwa miguu, akipumzika kila pembe. Moyoni, Mungu amsamehe, alikuwa na ombi moja la kishetani: akute ufa. Ufa mdogo tu ukutani, udongo kidogo umeteleza. Chochote.

Nyumba ilikuwepo. Imepakwa rangi. Mlima nyuma yake umevaa majani, umetulia. Parachichi limezaa hadi matawi yameinama. Na chini ya bati, pipa la bluu, limebonyea ubavu uleule.

Salvator alitoka ndani na kikombe cha chai mkononi, akaruka kwa furaha. "Yewe, fundi! Karibu, karibu! Leo umepotea njia?" Akamletea kiti nje, akaita chai nyingine. Nywele zake zimekuwa nyeupe. Nasiri hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye pipa, akaweka mkono juu yake.

"Hili pipa," akasema. "Linajaa kwa mvua ngapi?"

Salvator akacheka. "Na wewe tena? Tatu. Mvua tatu kubwa. Mke wako alinifundisha siku ya kunipa ufunguo. Aliniambia, ya nne ondoa mfereji, maji yasiende kwa ukuta."

"Umesema 'na wewe tena'. Nani mwingine ameuliza?"

Hapo Salvator aliacha kucheka. Alizungusha kikombe mkononi, akatazama chini, mtu aliyeahidi jambo na sasa hajui kama ahadi bado ina mwenyewe.

"Mama Yasmina alikuwa anakuja," akasema. "Mara nyingi, mzee. Mpaka ule mwaka alipofariki. Alisema anatoka sokoni. Anakaa pale, chini ya parachichi, anapumzika. Halafu ananiuliza, 'Salvator, pipa limejaa kwa ngapi?' Namwambia tatu. Anasema, 'Haya.' Anaenda."

Nasiri alishika ukingo wa pipa kwa mikono yote miwili. Zile siku za sokoni anazikumbuka. Alikuwa akimgombeza kwa kuchelewa.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Mimi nilitaka. Yeye alikataa. Alisema, 'Usimwambie. Nyumba imeshauzwa, hairudi. Mwache na madaftari yake, akijua hataweza kuamka asubuhi.'"

Chai ililetwa. Nasiri hakuinywa. Alilia pale, mzee mzima, mbele ya fundi bati, bila kuficha uso, na Salvator alikaa karibu naye mpaka kilio kilipokwisha. Alipoondoka alifungiwa maparachichi sita kwenye mfuko. Aliyabeba hadi nyumbani na hakuweza kula hata moja. Jumapili Yasmina aliyakuta yameiva kupita kiasi, akauliza yametoka wapi, akaambiwa. Aliyachukua yote sita, akaketi kwenye kigoda, akala moja kwa kijiko, machozi yakimtoka, kisha akamwambia baba yake, bila ukali, kwamba kuanzia wiki ijayo hatakuja mwenyewe, mchele atautuma kwa mkono wa mtu. Na kweli anatuma.

Fomu ya Kellen Nasiri aliijaza siku hiyo hiyo kwa mwandiko wake mzuri wa kuchorea mitindo. Jina: Nasiri. Kazi: fundi wa nguo. Mahali pa kupimia: Gisozi, kisha Nyamirambo. Tarehe kifaa kilipobadilishwa: Machi 2014. Pale palipoandikwa "Sababu ya vipimo kutokuwa sahihi kwa muda mrefu" alikaa sana na kalamu. Halafu akaandika.

Baada ya siku mbili Kellen alipiga simu.

"Mzee, samahani. Fomu iko sawa, lakini pale kwa sababu wanataka maelezo ya kitaalamu. Ukubwa wa faneli, sentimita, vile ulinieleza. Wewe umeandika," akasoma, "'Mpimaji aliambiwa, akacheka.' Nibadilishe?"

"Usibadilishe," Nasiri akasema.

"Lakini mzee, itachapishwa hivyo, na jina lako."

"Ndiyo, binti. Na jina langu."